Ngome zipo Unyanyembe, saa za kufungua ndizo hazipo

MZIGO BEGANI
Safu ya kila wiki ya Mpagazi wa Kigwa

Mtu aliyekaa Kigwa na bando la siku moja kwenye simu anaweza kupanga ziara ya kasri la Karlštejn, huko Ucheki, kabla chai yake haijapoa. Atajua kwamba kasri liko kiasi cha kilomita 30 kusini-magharibi ya Praha, kwamba treni kutoka mjini huchukua kama dakika 40, na kwamba haingii mtu kivyake, huingia na kiongozi kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Atajua kuwa kanisa la Msalaba Mtakatifu, ndani ya mnara mkubwa, hupokea makundi madogo yaliyoweka nafasi mapema. Ataambiwa hata kwamba Jumatatu makasri mengi ya nchi ile hufungwa, na kwamba majira ya baridi mengine hayafunguliwi kabisa. Mtu huyo huyo akitaka kwenda Kwihara, hapo tu nje ya mji wa Tabora, jibu atakalopewa mara nyingi ni moja: wewe nenda, utamkuta mtu. Wasomaji wa siku nyingi wanaujua ugomvi wangu na vibao vyenye makosa ya tahajia. Leo nagombana na kibao ambacho hakijaandikwa kabisa, na wanaonihesabia makala za vibao waongeze moja.

Hoja yangu ni hii. Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, haijapungukiwa na ngome wala historia ya kumtoa mtu Dar es Salaam akapanda treni. Kilichopungua ni mpango wa ziara, na mpango umepungua kwa sababu tuliikabidhi hadithi yote kwa mgeni mmoja. Nyumba ya Kwihara tunaiita ya Livingstone, yule mvumbuzi wa Kizungu, kwa hiyo mtu wa Uyui, wa Sikonge au wa Urambo anaona hiyo ni habari ya Wazungu, waende Wazungu. Mzungu naye haji kwa wingi, kwa kuwa aliyefika Tanzania kwa siku kumi atazimalizia Serengeti na Unguja. Basi nyumba haina mwenyewe wala mgeni, na jengo la namna hiyo halipangiwi saa za kufungua.

Tuangalie basi ni nini hasa kilitokea Kwihara. Livingstone na mwandishi wa habari Stanley walifika hapo kutoka Ujiji mwezi Februari 1872. Machi 14 Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki, na akaendelea kubaki hadi Agosti 25. Miezi mitano na zaidi bwana mkubwa amekaa kibarazani, anaandika, anasoma, anahesabu siku, na hawezi kusogea hata hatua moja ya safari yake. Alikuwa anasubiri watu 57 ambao Stanley aliwaandika na kuwatuma kutoka pwani. Walipofika na kubeba mizigo, ndipo safari ikawa safari. Mwaka uliofuata Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakaubeba mwili wake kurudi. Oktoba 1873 walikuwa hapa Unyanyembe. Hapa wakamkuta Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumtafuta huyo huyo Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Aprili 18 mwaka huo mzee akazikwa Westminster Abbey, London.

Ulipime tukio hilo. Wapagazi wasio na cheo, mbele ya ofisa mwenye bendera, wanaambiwa wafanye hivi, nao wanafanya vile. Lilitukia katika nchi yetu, na limeandikwa na Waingereza wenyewe. Sijui kasri gani la Ulaya lenye kisa kama hicho ambalo lingekiacha kikae bila kiongozi wa kukisimulia kila saa moja, kwa kiingilio.

Ndiyo maana nasema anayetaka kuja asianzie Kwihara. Aanzie Kigwa. Msinione najipendelea, ndivyo njia ilivyokuwa. Msafara uliotoka Bagamoyo, ukishavuka pori la Mgunda Mkali, ulikuja kwa Tura, Rubuga, Kigwa, kisha Shiza, halafu Tabora, na Stanley katika kitabu chake ameviorodhesha vituo hivyo kimoja baada ya kingine. Kigwa hakuna gofu la kukuonyesha, na atakayekuja kutafuta mnara atarudi amenuna. Kuna umbali. Kutoka hapa hadi Tabora ulikuwa mwendo wa vituo viwili, kwa mguu, mtu akiwa na mzigo ambao mara nyingi ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria na chakula chake. Mtoto wa shule akibebeshwa kilo kumi kutoka mtaa mmoja hadi wa pili ataielewa biashara ya pembe za ndovu kuliko atakavyoielewa kwa kukaririshwa. Na safari yenyewe ipangwe kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, wakati njia ni kavu na miombo imepukutisha majani. Anayetaka maembe aje Novemba na avumilie tope.

Kuna watakaoniambia nisipambe. Njia ile ilikuwa njia ya watumwa, na utumwa si jambo la kupangia matembezi ya Jumapili. Jibu langu ni kwamba njia ilibeba yote mawili, na kulificha moja ni kulipotosha jingine. Watumwa walipita hapa wamefungwa minyororo, na huo ni ukweli usio na mapambo. Walipita pia Wanyamwezi waliokwenda pwani kwa hiari, kwa ujira, waliopatana bei kabla ya kunyanyua mzigo na waliotua mizigo chini posho ilipochelewa. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2006, na hoja yake ni kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi na msimamo wa kazi yao. Mgeni anayeambiwa nusu ya kwanza peke yake ataondoka Tabora akiamini kwamba babu zetu walikuwa mizigo tu. Hilo nalo ni tusi, hata likisemwa kwa sauti ya huruma.

Kutoka Kwihara ziara iende kwa Isike, mtemi wa Unyanyembe. Hapa ndipo hasira yangu inapokosa adabu. Watu wanasafiri maelfu ya kilomita kutazama kuta ambazo mfalme fulani alijificha nyuma yake, na sisi tunaye mtemi ambaye ngome yake, Isiunula, iliwashinda Wajerumani wakiwa na mizinga. Walijaribu mwaka 1892, wakarudi. Wakaja tena Januari 1893 chini ya Tom von Prince, na safari hii kuta zikavunjwa. Isike hakutoka mikono juu. Aliingia kwenye ghala lake la baruti akalilipua. Wajerumani wakamtoa akiwa hai kwa shida, wakamnyonga. Baadaye wakajenga boma lao wenyewe pale Tabora, na hilo boma bado limesimama imara, liko mikononi mwa jeshi, kwa hiyo mwenye kamera apite na yake. Jengo la aliyeshinda lina walinzi. La aliyeshindwa halina hata mshale wa kuelekeza njia, na mshale ni ubao na rangi kidogo.

Nikiwa hapo niruhusiwe kuchepuka kidogo, maana anayepanga ziara ya Tabora hawezi kuruka habari ya sarafu. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakiwa wamefunga bahari na fedha zikiwa zimewaishia, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaijua Tabora kwa tembo huyo, wakati vijana wengi wa Tabora wanaijua kwa asali. Asali ni nzuri na sina ugomvi nayo, ila katika kazi ya kututambulisha haijapata kupumzika hata siku moja.

Turudi kwenye mapingamizi, maana najua yanakuja. La kwanza, na ndilo linalopendwa, ni kwamba Kwihara hakuna cha asili cha kuona: tembe la zamani lilianguka, lililopo limejengwa upya. Ni kweli. Udongo una maisha mafupi, mchwa na mvua vinafanya kazi bila likizo. Lakini tukiitumia kanuni hiyo, tuitumie kote. Karlštejn lilianzishwa na Karel IV mwaka 1348, na sura ambayo mgeni anaipiga picha leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya msanifu Josef Mocker, aliyelikarabati kati ya 1887 na 1899 kwa namna alivyoamini kasri la zama zile lilipaswa kuonekana. Mgeni anaambiwa hivyo na analipa kiingilio bila kinyongo. Kuta nene za udongo, paa bapa, ua wa katikati: tembe la Kwihara linamwonyesha mtu jinsi nyumba ya mfanyabiashara wa Unyanyembe ilivyokaa. Ni somo halali, mradi kiongozi aseme wazi kipi cha kale na kipi cha juzi.

La pili ni kwamba hakuna wageni, kwa hiyo hakuna sababu ya ratiba. Hapa mkokoteni umefungwa mbele ya punda. Mtu hawezi kuomba ruhusa kazini, kukata tiketi ya treni na kutafuta chumba kwa ajili ya mahali ambapo hajui kama patafunguliwa. Mwalimu wa sekondari ya Nzega mwenye wanafunzi 40 kwenye basi la kukodi hawezi kuwaambia wazazi "tutamkuta mtu". Wageni huwa hawaji kwanza ndipo mlango upangiwe saa. Tazama Kilwa Kisiwani: magofu yake yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa huko mwaka 2014 baada ya kufanyiwa kazi. Kazi ilitangulia, sifa zikafuata. Na sisi huku tumo kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, katika njia ya kati ya utumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Orodha ya awali ni chumba cha kusubiri, na tumekaa humo muda mrefu kuliko Livingstone alivyokaa Kwihara.

La tatu ni fedha: zahanati kwanza, maji kwanza. Nakubali bila ubishi, na siombi shilingi ya zahanati. Naomba karatasi moja, ibandikwe kituo cha reli, stendi ya mabasi na kwenye mtandao: siku zipi, saa ngapi, kiingilio kiasi gani kwa mwananchi na kwa mgeni, kiongozi ni nani na simu yake inapokelewa na nani akiwa shambani. Anayesema karatasi ni ghali anasema hataki kuulizwa.

Kuna jambo moja tu ambalo karatasi haitalitibu, nalo ni jina. Mlango ukiwa na saa na kiongozi, bado mtu wa Uyui atapita akisema ni habari ya Wazungu iwapo maandishi ya juu yatakuwa yale yale. Kwa hiyo siku ubao mpya utakapochorwa Kwihara, ninaomba mstari wa kwanza uwe wa Susi, Chuma na wenzao, na chini yake iandikwe walichomkatalia Cameron mwaka 1873. Livingstone naye apewe nafasi yake ya haki, kule chini: jina, anakotoka, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kama mteja yeyote kwenye daftari la gesti.