Sotero Hakuwa Mwoga

Eti The Magnificent Seven ni filamu ya kutetea wanyonge. John Sturges aliitoa 1960, Antoine Fuqua akairudia 2016, na sifa ni ileile. Mimi nakataa. Ni filamu ya watu saba wa bunduki wanaotafuta pa kusafishia majina yao, na kijiji cha Mexico ndiyo beseni lenyewe.

Twende polepole. Calvera na genge lake wanapora chakula cha wakulima. Wakulima wanavuka mpaka kununua bunduki. Chris (Yul Brynner) anawaambia kukodi watu ni rahisi zaidi. Sawa. Mapigano yanaanza, halafu Sotero na wenzake wachache wanamwachia Calvera aingie kijijini. Hapo watazamaji wote tunazomea: msaliti!

Msaliti wa nani, jamani? Calvera anawakamata wale saba, anawasindikiza nje na kuwarudishia bunduki zao. Wana farasi, wana pa kwenda. Sotero hana. Mambo yakiharibika, atakayebaki na majivu ya shamba ni yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa sikiliza: wanaporudi kupigana, wanaamua wenyewe huko nje, kwa ajili ya heshima yao. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa kama anaitaka vita hiyo. Na bado tunaambiwa ni kwa faida yake!

Kurosawa hakudanganya hivi. Katika Seven Samurai ya 1954, iliyozaa filamu hii, wakulima wameficha deraya za samurai waliowaua. Kikuchiyo, mtoto wa mkulima, anawageuzia kibao samurai wenzake: nani aliyewafanya wakulima wawe hivyo, kama si ninyi mliochoma vijiji vyao? Swali hilo Sturges kaliacha Japani. Wakulima wake wamevaa nguo nyeupe pee, utadhani hawajawahi kushika udongo, na wala hawana la kuwadai wenye bunduki.

Mtaniambia mwishoni mzee wa kijiji anasema walioshinda ni wakulima peke yao. Ndiyo, anasema. Lakini sentensi moja haifuti saa mbili za kuwageuza wakulima hao kuwa mapambo.

Ukiitazama tena, mwache Steve McQueen na kofia yake. Mtazame Sotero. Yeye ndiye aliyepiga hesabu ya watakaozikwa, nasi tukamwita mwoga.