Kabla ya mashine ya marobota, nunueni ya kugeuza nyasi

Wiki hii vijana wa kikundi kimoja ninachokilea wameniletea andiko la mradi nilipitie kabla hawajalipeleka halmashauri. Ni maombi ya mkopo wa pili, ule wa asilimia 4 ya vijana. Nimefungua, nikakuta wameomba kitu kimoja tu: mashine ya kufunga marobota ya hei. Nimewarudishia. Wamenuna, na kwa kuwa najua wanasoma hapa, leo nawajibu hapahapa ili na wengine wenye wazo kama hilo wasikie.

Kuna watakaosema, huyu afisa ugani wa Mikocheni anajua nini kuhusu hei? Kwetu ni maghorofa na foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki. Sawa, nyasi hazilimwi hapa. Ila wanunuzi wako hapa. Nyuma ya mageti ya Mikocheni bado kuna ng'ombe wa maziwa, na wengine wapo Kawe, Mbezi, Tegeta mpaka Bunju, wanakula bandani mwaka mzima. Zamani majani yalikatwa kwenye viwanja vitupu, na viwanja hivyo sasa vimejengwa. Kwa hiyo hei inatoka Kibaha, Bagamoyo na Chalinze, na ikifika mbovu simu inapigwa kwangu.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana hawa vijana wamelilipia.

Mkopo wao wa kwanza walikodi eka 12 upande wa Kibaha wakapanda Rhodes. Nyasi zilitoka vizuri sana. Masika ilipoisha, mwezi wa 6, zikaanza kutoa maua na mimi nikawaambia, "Kateni, siku tatu za jua zinatosha." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na chuo chenyewe kipo bara ambako upepo ni mkavu. Tukakata, tukaziacha zilivyolala. Siku ya tatu juu zilikuwa zinavunjika kama makaratasi, nikaridhika. Mwenye mashine ya marobota ya kukodi alikuwa amefika na trekta lake na anataka kuondoka kabla ya jioni. Tukafunga marobota 340.

Baada ya wiki nikaingiza mkono katikati ya robota moja. Joto, kama mkate uliotoka kwenye oveni. Tulikuwa tumekauka juu tu, chini nyasi zilikuwa bado za kijani. Mama mmoja wa hapa Mikocheni, mteja mzuri kabisa, akanipigia: "Bwana mifugo, hii hei yenu inanuka godoro lililonyeshewa. Ng'ombe wangu wameigeuzia mgongo." Vijana wakamrudishia pesa yake, na wengine wakafuata. Deni la halmashauri wamelimaliza mwaka huu, baada ya kulipa kwa pesa za bodaboda na vibarua. Kuku wa mama zao pia waliuzwa, hilo wameniambia juzi tu.

Sasa watu walewale wanataka mashine ya marobota. Hoja yao naielewa: mashine inafunga hei yako, halafu unaikodisha kwa majirani, pesa inaingia. Hata mwenzangu ofisini anawaunga mkono. Mimi nasema hapana. Mashine ya marobota haikaushi nyasi. Ukiipa nyasi zenye unyevu, inachofanya ni kufunga uozo vizuri kwa kamba.

Tazameni hesabu. Nyasi mbichi ni maji asilimia 75 hadi 80. Robota la kuhifadhi salama linataka maji yasizidi asilimia 18 hivi. Maana yake kila tani 1 ya hei unayouza, zaidi ya tani 2 za maji zimepanda hewani pale shambani. Dodoma au Longido jua na upepo vinakufanyia kazi hiyo. Ukanda wa Pwani hewa yenyewe ina maji, na kila asubuhi umande unarudisha sehemu ya ulichokausha jana. Nyasi zikilala kama mkeka, za juu zinazifunika za chini na upepo haupiti. Kila siku ya ziada shambani rangi inapotea, na wingu la kutoka baharini linaweza kukumwagia mvua hata mwezi wa 7.

Mashine ya kugeuza nyasi, wengine wanaiita teda, inafanya jambo moja dogo. Ina magurudumu ya vidole vya chuma yanayozunguka, yanaokota nyasi, yanazirusha na kuzitawanya zikiwa zimelegea ili hewa ipite. Si reki. Reki inakusanya nyasi kwenye mistari tayari kwa kufungwa, hii inatawanya. Ukipita nayo vizuri unapunguza siku nzima ya kukausha, pengine zaidi. Na mashine ya marobota ya kukodi ipo, shida yake ni tarehe. Anayejua nyasi zake zitakuwa tayari Alhamisi anamwita mwenye mashine Alhamisi. Asiyejua anafanya tulichofanya sisi.

Ila si kila mtu ainunue. Kama una eka mbili tatu, tafuta vibarua wanne wenye uma za mbao, wageuze saa nne asubuhi na saa nane mchana, kisha fungeni kwa boksi la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Inatosha kabisa. Kwa maoni yangu chini ya eka kumi nunueni kwa ushirika au msinunue. Na kama shamba lako ni mabingobingo, achana na habari hii, mashina yale ni manene mno; katakata utengeneze saileji.

Kwa wenye eka za kutosha, tatizo ni kwamba watu wanachagua kwa kutazama rangi. Anza na mashine yako ya kukatia. Pima upana wa mikanda ya nyasi inayoiacha, kisha chagua teda inayofunika mikanda kamili, miwili au zaidi, matairi ya trekta yasikanyage nyasi ambazo hazijageuzwa. Kwa trekta dogo la HP 35 hadi 50, yenye magurudumu mawili au manne inatosha. Uzito nao uangalie: ikining'inia nyuma na trekta likawa jepesi mbele, usukani haukutii kwenye mteremko.

Nyingi zinazofika kwetu ni mitumba ya Ulaya. Usinunue ikiwa imesimama. Omba iunganishwe na shafti ya PTO izunguke mbele yako, usikilize giaboksi. Zungusha kila gurudumu kwa mkono, tikisa beringi, angalia mikono iliyochomelewa. Kisha hesabu vidole. Vidole hivi ni chuma cha springi, na hapa nawaomba sana: msichongeshe vya nondo. Mafundi wetu wa Gerezani wanaweza mengi, lakini nondo haina springi, itapinda au itakatika ndani ya nyasi. Kipande kikiingia kwenye robota, ng'ombe anakimeza, kinatoboa tumbo kuelekea moyoni. Utauza robota moja na kununua ng'ombe wa watu. Nunua vidole vya ziada siku ileile, na kila kidole kifungwe waya au mkanda wa kukishikilia kikikatika. Ukimaliza shamba, hesabu tena. Kama kimepungua, kitafute kabla mashine ya marobota haijaingia.

Kufunga na kupima, fanya juu ya sakafu au ardhi iliyo sawa. Upepo wa matairi yake uwe sawa kila upande, la sivyo upande mmoja utachimba na mwingine utapapasa. Ncha za vidole vya mbele, vikiwa chini kabisa, ziwe juu ya ardhi kama unene wa kidole chako. Toplinki ndiyo inayokusaidia hapo: ukiifupisha, mbele inashuka, ukiirefusha, inapanda. Halafu shamba lenyewe lazima liwe limekatwa sentimita 7 hadi 10 kutoka chini, visiki vibebe nyasi na vidole visikwangue udongo. Ukiona vumbi jekundu nyuma ya mashine, unatia mchanga kwenye chakula, pandisha. Ukiona mabonge ya kijani yamebaki, shusha kidogo au punguza mwendo.

Mwendo wa kilomita 6 hadi 8 kwa saa unatosha, na PTO isifike 540. Mimi napenda 400 na kitu. Madereva wetu wanapenda kukanyaga mafuta, na nyasi zikishaanza kukauka majani yanapukutika, unabaki na mashina. Chakula kiko kwenye majani. Pita mara ya kwanza saa chache baada ya kukata, ya pili kesho yake umande ukiisha, ya tatu kama bado zina unyevu. Zikianza kupiga kelele mkononi, acha, leta reki. Na mtu yeyote asisimame nyuma au pembeni, mashine hii inarusha mawe. Zima injini kabla hujagusa kidole.

Kujua kama zimekauka, msifanye kama mimi, kutazama juu tu. Chukueni nyasi za chini kabisa kwenye sehemu kadhaa, mzikatekate, mtie kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, mfunike na kutikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, subirini. Ikibaki inatiririka, mwiteni mwenye mashine.

Vijana wangu wa Kibaha, ndiyo maana andiko limerudi. Lirekebisheni: teda ya mtumba, vidole vya ziada, turubai, na akiba ya kukodi mashine ya marobota misimu miwili. Kiasi mnachoomba kitapungua karibu nusu, na mkikosa soko mwaka mmoja hamtauza kuku wa mtu. Mwenzangu ofisini bado anasema nawarudisha nyuma. Mwenyekiti wenu ameniambia kuna teda ya magurudumu mawili ameiona kwenye yadi moja njia ya Mbezi. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane hapo. Njooni na dereva na trekta, mimi nitakuja na futi ya kupimia.