Tangi kubwa haliongezi nguvu ya maji

Ndugu wanakoperative wa Kasongo na Kabambare,

Kila kiangazi tunasikia kilio kimoja: robine inatoa uzi mwembamba tu, wamama na watoto wamepanga bidoni tangu alfajiri, na shamba linangoja. Halafu katika mkutano mtu anasimama: «Tuombe tangi kubwa zaidi.» Mimi nasema hapana.

Maji yetu ya chemchemi hayana mashini, yanashuka yenyewe. Kinachoyapa nguvu ni kimo. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na robine zinaleta bari 1 hivi. Tangi liwe la mita za ujazo 5 ama 50, kama liko kimo kile kile, nguvu ni ile ile. Kubwa linaongeza akiba tu.

Basi tuulize kwanza: robine moja ndiyo dhaifu, ama zote? Ikiwa moja, ifunguliwe, itolewe mchanga, ibadilishwe mpira. Ikiwa zote, tupande mpaka chemchemi. Tuweke bidoni ya lita 20 pale maji yanapoingia, tuhesabu. Ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kila sekunde, yaani lita 43 200 mchana na usiku. Kama hesabu haikubadilika tangu kiangazi kilichopita, chemchemi haina kosa. Tufuate tiyo. Majani mabichi katikati ya kiangazi yanaonyesha pale inapovuja. Robine ikikohoa, hewa imenaswa mahali tiyo inapopanda kilima. Sharti itolewe pale juu. Na yule aliyetoboa tiyo kupeleka maji uani kwake, tumwambie bila kuogopa.

Hii si kazi ya kuahirisha. Tiyo ikibaki tupu, inaweza kunyonya maji machafu kupitia tundu lile lile linalovuja. Kipindupindu hakibishi hodi.

Pendekezo langu: kila koperative, ikishauza mpunga, itenge franka kidogo za kumlipa mlinzi wa maji, mwenye ufunguo na daftari la zile sekunde. Wengine watasema maji ni ya Mungu, hayalipiwi. Kweli, maji ni ya Mungu. Lakini tiyo ni yetu, na ikioza ni sisi tutakaorudi mtoni.

Mkutano ujao, kabla ya kunyoosha mkono kwa ajili ya tangi, tuulizane: mwezi huu ni nani alipanda mpaka chemchemi?