MAONI: Tulionyeshwa, lakini hatukusikia kitu



Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa sekretere wa koperative yetu ya kakao. Siku ya mkutano mkuu tulikodi sale hapa Bunia, tukaleta jenereta na projekta. Mimi ndiye niliyetayarisha diapo, zile kurasa za picha na maandishi zinazopita ukutani. Zilikuwa 32. Rangi nzuri, mishale, viduara vya asilimia. Nililala usiku sana ju yake, na nilijisifu.

Watu walipiga makofi. Kisha mama moja kutoka upande wa Komanda akainua mkono: "Mwanangu, tunashukuru. Mimi nilipeleka gunia zangu kwa depo. Kilo moja iliuzwa ngapi, na mulikata ngapi?" Jibu lilikuwa kwenye diapo ya 19. Nikairudisha. Maandishi madogo, tena kwa Kifaransa, na jua linaingia kwa dirisha. Mama akatazama, akasema: "Mulituonyesha, lakini hatukusikia kitu." Akaketi. Tukapiga kura, na makato mapya kwa kila kilo yakapita kwa mikono mingi.

Msimu uliofuata, wengi wa wale walioinua mikono waliuza kakao yao kwa wanunuzi wa barabarani. Nilipowauliza, walishangaa: "Makato gani? Sisi hatukukubali kitu kama hicho." Hawakuwa wanasema uongo. Walikubali picha, hawakukubali hesabu. Depo ikabaki nusu tupu, na yule mnunuzi tuliyemwahidi mzigo akaenda kwingine.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Wengine wanasema ni mashini iliyotuharibia. Mimi sioni hivyo. Naona ni desturi inayoingia ndani ya kundi linapokua. Tulipokuwa watu 25 chini ya mwembe, kila mtu alijua kilo za mwenzake. Leo wanamemba ni mamia, depo ziko mbali, na barabara nyingine hazipitiki kwa sababu ya usalama. Basi viongozi tunajifunza kuonyesha, na wanamemba wanajifunza kutazama. Mazungumzo yanakufa polepole, na hakuna mtu aliyeamua yafe.

Inafaa kujua zile diapo zilitoka wapi. Programu ya PowerPoint, ambayo wengi wetu tunaitumia, haikuanzia kwa kampuni kubwa. Ilianzia kwa kampuni ndogo ya California, Marekani, jina lake Forethought, iliyoanzishwa mwaka 1983. Kampuni ile ilikaribia kuanguka mapema. Mwaka 1984 ikamleta mtu mmoja, Robert Gaskins, ili aanze upya. Yeye na Dennis Austin, na baadaye Thomas Rudkin, ndio waliotengeneza programu hiyo. Jina la kwanza lilikuwa Presenter, wakalazimika kuliacha kwa sababu jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1987. Halikuwa na rangi, na lilikuwa la kompyuta za Macintosh tu. Mwaka huohuo Microsoft ikanunua kampuni nzima kwa dola milioni 14.

Kwa sisi wa koperative, naona mafunzo mawili hapo. La kwanza: hata baada ya kununuliwa, kundi lile halikuhamishwa kwenda makao makuu ya Microsoft, jimbo la Washington. Lilibaki California, na Gaskins akaendelea kuliongoza mpaka mwaka 1993. Walikua ndani ya nyumba ya mkubwa, lakini walibaki na mahali pao na watu wao. Koperative inayopata mfadhili au mnunuzi mkubwa ijiulize swali hilo mapema: tutakua, sawa, lakini nini yetu itabaki yetu?

Funzo la pili linanigusa zaidi. Siku zile, mtu wa biro akitaka picha za kuonyesha mkutanoni, alipeleka maneno yake kwa wachoraji, akangoja, na mara nyingi yalirudi si yake tena. Gaskins alitaka mwenye maneno ayatengeneze mwenyewe. Chombo kilibuniwa ili mwenye jambo ashike jambo lake. Sasa tuangalie mikutano yetu. Mwenye jambo ni nani? Ni yule mama wa Komanda. Na nani anashika mashini? Sekretere, au mgeni aliyefika jana kwa ndege. Tumekigeuza chombo.

Hata wakubwa wamechoka nazo. Mwaka 2004 Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alikataza PowerPoint katika mikutano ya viongozi wake. Wanaandika maelezo kamili, na mkutano unaanza kwa wote kusoma kimya. Sisi hatuwezi kuiga hivyo ju wengi wetu hawakupata bahati ya kusoma. Lakini sababu ni ileile: picha nzuri inaweza kuficha hesabu mbaya.

Kuna watakaoniambia: "Sekretere, unarudisha watu nyuma. Picha zinawasaidia wasiosoma." Ni kweli, kwa mambo ya kuonekana. Picha ya mbegu ya kakao iliyokatwa katikati, moja iliyochachuka vizuri na moja yenye ukungu, inafundisha kuliko maneno ya saa nzima. Hiyo tuiweke ukutani, tena kubwa. Lakini bei, makato na deni si vitu vya kutazama. Ni vya kuuliza na kujibiwa.

Na sheria iko upande wetu. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya koperative ya OHADA inasema kila mwanamemba ana kura moja, awe na sehemu nyingi au chache. Kura hiyo ina maana gani kama mwenyewe hajui anapigia nini?

Mimi napendekeza haya kwa msimu unaokuja:

- Kabla ya mkutano mkuu, kila depo ikae kwanza na wanamemba wake, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani.
- Hesabu nne ziandikwe kwa mkono kwenye karatasi kubwa na zibaki ukutani pa depo: kilo zilizoingia, bei tuliyouzia, makato, na kilichobaki.
- Anayeeleza hesabu awe mwanamemba aliyechaguliwa. Mgeni akae upande, ajibu akiulizwa.
- Kabla ya kura, mwanamemba moja asiye kiongozi arudilie jambo kwa maneno yake. Akishindwa, kura ingoje.

Hii haiombi dola hata moja. Inaomba muda na uvumilivu, na sisi viongozi tukubali kuulizwa mbele ya watu.

Mwezi uliopita nilienda kumtafuta yule mama. Nilichukua daftari, si kompyuta. Tulihesabu pamoja kwenye gunia lake, kilo kwa kilo, mpaka akacheka: "Kumbe ni hivi tu? Ningekataa, lakini ningejua ninakataa nini." Mwishoni akaniuliza mkutano utakuwa lini. Nikamwambia safari hii yeye ndiye atasoma hesabu za depo yake. Hajakubali bado. Anasema anafikiri.