Kilichobaki kwenye Mashudu
Ukikaa Isaka, pale bandari kavu malori ya Rwanda na Burundi yanapopakia, dumu la mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia halikushangazi tena. Kinachonishangaza mimi ni mafuta tunayoyaacha kwenye mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa. Chukua gunia la alizeti nzuri, ile nyeusi yenye ganda jembamba: karibu asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta. Mashine ya skrubu huisukuma mbegu ndani ya pipa la chuma linalozidi kubana, lakini kwenye mashudu bado hubaki mafuta asilimia 7, 10, hata zaidi skrubu ikishalika na mbegu zikiingia bila kupashwa moto. Ng'ombe wa Kahama wanaolishwa mashudu hayo wananenepa kwa uzembe wetu, na wala sina ugomvi nao. Kabla ya kulaumu skrubu, kumbuka pia mashine ya kukamulia ya mkono, ya wenzo, aliyoibuni Mmarekani Carl Bielenberg huko Arusha miaka ya 1980: haikutaka umeme, ilitaka mabega. Viwanda vikubwa huyaosha mashudu kwa kiyeyusho cha heksani hadi mafuta yabaki asilimia 1 hivi, ila hiyo si kazi ya uani, maana mvuke wake hulipuka. Na pamba, zao letu Wasukuma, ina lake: mbegu yake ina gosipoli, sumu inayoyatia mafuta weusi, na huondolewa kwa kostiki soda. Ndiyo maana mafuta ghafi ya pamba yaliyojazwa kwenye chupa za maji sinunui, hata muuzaji akiniita mjomba.