Saratani: Barua ya daktari inavyoweza kumrejesha mgonjwa kazini

MATIBABU ya saratani mjini Eldoret yamepiga hatua tangu enzi ambapo wagonjwa wengi walilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) sasa ina Kituo cha Chandaria cha saratani na maradhi sugu, na huwapokea wagonjwa kutoka Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya. Hata hivyo, kupata dawa ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili ni kurejea kazini.

Tatizo laanzia kwenye kalenda. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Jumla ni siku 14. Tibakemikali ya awamu sita, zinazopishana kwa wiki tatu, huchukua takribani miezi minne. Asiyeongezewa muda na mwajiri humaliza likizo kabla ya kumaliza dawa.

Hapa ndipo kalamu ya daktari hupata uzito. Barua inayosema tu kwamba fulani ni mgonjwa na apumzike humwachia mwajiri kukisia, na aghalabu hukisia mabaya. Barua ya manufaa hueleza kile mgonjwa anachoweza kufanya: aanze kwa nusu siku, asiinue mizigo, aruhusiwe kwenda kliniki siku zilizotajwa, na hali yake ipimwe upya baada ya mwezi. Mwalimu aliyefanyiwa upasuaji wa titi, na ambaye mkono wake huvimba, anaweza kufundisha iwapo atapunguziwa kuandika ubaoni. Dereva aliyetiwa ganzi vidoleni na dawa hafai kuharakishwa barabarani. Wala barua hiyo si lazima itaje saratani. Siri ni ya mgonjwa.

Sheria haimwachi mkono kabisa. Ile ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka wa 2012 inalenga kuharamisha ubaguzi wa aina zote dhidi ya wagonjwa. Nayo Sheria ya Ajira humtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi, akiwa na mwenzake, kabla ya kumwachisha kazi kwa sababu za kiafya. Katika kikao hicho, maelezo ya daktari ni ushahidi.

Kinachohatarishwa si mshahara pekee. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Anayefutwa hubaki na mzigo wa kujilipia bima wakati anapoihitaji zaidi.

Lakini mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu au mchuuzi wa sokoni atampelekea nani barua? Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka wa 2001 kwa kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi kupitia MTRH na Chuo Kikuu cha Moi, uligundua mapema kuwa dawa bila chakula na kipato haifui dafu. Wagonjwa wakasaidiwa kujikimu.

Somo hilo lingali hai. Daktari anayemuuliza mgonjwa wa saratani, tangu siku ya kwanza, "Wewe hufanya kazi gani?" huwa ameanza kutibu riziki yake pia.