Kutengeneza kimoja si kazi, kazi ni 500

Msimu wa projekti za mwaka wa mwisho umefika na wimbo ni uleule: kila kitu kitengenezwe hapahapa kwa mikono yetu. Mimi sikubaliani, na naomba mnisikilize kabla hamjanirukia.

Kwetu Nyabiyonza, Karagwe, mkulima anajua kahawa ya maganda imekauka kwa kuitikisa sikioni. Buni ikicheza ndani, basi tayari. Akikosea, inaota ukungu au inakatwa bei. Ndiyo maana projekti yangu ni kipima unyevu. Kimoja nitakiunda mwenyewe wiki mbili, haina shida. Je, 500?

Hapo ndipo hesabu inageuka. Kasha la plastiki likihitaji moldi yake, moldi inakula mamilioni kabla kasha la kwanza halijatoka. Kwa hiyo nachukua kasha linalouzwa tayari, bodi ndiyo ilifuate. Skrubu saizi moja. Rizista thamani 3 badala ya 9, maana mashine inayopanga vipuri hulishwa kila aina kwa rola yake, na kila rola ni muda na hela. Vipuri vyote upande mmoja, bodi isigeuzwe. Plagi ya betri iwe ile isiyokubali kuingia kinyume. Waya wa kulehemu kwa mkono, ikiwezekana hata mmoja usiwepo. (Jamaa yangu wa chumbani ana projekti yenye waya kama kiota cha mnana. Inafanya kazi, ila usiiguse!)

Bodi zenyewe ziende Shenzhen tu, sioni aibu. iPhone inabuniwa California na kuunganishwa na wengine, akina Foxconn. Wenzetu Kenya walifungua kiwanda cha EADAK kule Athi River Oktoba 2023, Safaricom na Jamii wakishirikiana na Wachina wa TeleOne, na simu ya Neon Smarta ikaingia sokoni kwa shilingi 7,499 za Kenya. Vipuri vinatoka nje, wao wanaunganisha. Wameanzia pale walipoweza. Sisi tunaweza kubuni, tuanzie hapo.

Ila kuna jambo moja nitabishana na kiwanda chochote: gundi. Wao wanaipenda, kasha linabanwa na kugundishwa mara moja, hakuna kufunga skrubu. Matokeo mmeyaona kwenye taa nyingi za sola za bei poa. Betri ikichoka, fundi wa senta hana pa kuingizia bisibisi, anaipasua. Mtu wa Nyabiyonza hana muda wala nauli ya kuhangaika na kifaa kisichofunguka. Skrubu zangu 4 zinabaki, hata wakisema zinaongeza gharama.

Jumamosi naingia Kariakoo, bumu limetoka. Mwenye kujua duka lenye makasha ya ukubwa wa kiganja, yanayofanana, yasiyopungua 50, anistue.